Difu nyeupe chini ya tope: nimeifufua Land Rover 109 ya jeshi, mkasa mzima huu hapa

Chuma Chakavu (Morogoro)
Wakuu, habari za mchana. Miaka yote nasoma tu za wenzangu, leo na mimi naleta yangu. Nitaandika kwa vipande kila nikipata nafasi, picha zitafuata bando likiruhusu.

Mwaka juzi nilinunua Land Rover 109 Series IIA kwa mzee mmoja nje kidogo ya Tanga mjini. Ilikuwa imelala chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha dereva, tairi zimezama mchangani mpaka rimu. Mzee akaniambia, "Hii ilikuwa ya jeshi." Jeshi gani, hajui. Na yeye aliuziwa na mwenye shamba la mkonge miaka hiyo. Tukakubaliana milioni tatu na nusu, nikaipakia kwenye fuso mpaka Moro.

Habari ya jeshi niliichukulia kama maneno ya muuzaji. Mpaka siku nilipolala chini ya gari na brashi ya waya, nakwangua tope na grisi kwenye difu ya nyuma (lile boksi la gia katikati ya ekseli). Chini ya uchafu nikakuta rangi nyeupe. Difu nzima imepakwa nyeupe! Nani mwenye akili zake anapaka nyeupe kitu kinachoishi matopeni? Juu yake, kwenye memba ya nyuma ya chasisi, kuna kitaa kidogo kinachotazama chini. Mwenye kujua anisaidie kabla sijaendelea.

Mzee Kombati (Dodoma)
Mwanangu, umenirudisha mbali. Hiyo nyeupe ni ya msafara wa usiku. Taa zote mnazima, hata za breki, kinabaki hicho kitaa kimoja kinachomulika difu. Dereva wa nyuma anafuata kile kipande cheupe tu. Kikififia ujue unaachwa, kikikua mno unakaribia kumgonga mwenzako. Aliye juu kwenye ndege haoni kitu. Nimeendesha hivyo kwenye mvua, alfajiri ikifika vidole havinyooki kwa kubana usukani. Tazama swichi ya taa kwenye dashibodi. Kama ni ya kuzungusha na ina vituo vingi kuliko gari la raia, basi ni yenyewe.

Hesabu Kwanza
Milioni tatu na nusu kwa banda la kuku. Si ungejikusanya ukachukua Toyota IST yako ukapumzika?

Mswahili wa Kent (Uingereza)
Shikamoo Mzee Kombati. Mleta uzi, funua sanduku lililo katikati ya viti vya mbele. Ukikuta nafasi ya betri mbili, halafu kwenye injini ukaona nyaya za plagi zimevikwa chuma kama bomba la bafuni, hilo ni toleo la redio. Waingereza hulifupisha FFR, maana yake gari lililoandaliwa tangu kiwandani kubeba redio za mawasiliano. Umeme wake ni volti 24 na alteneta yake ni ya ampea 90, kwa sababu redio zile zilikuwa zinakula umeme kwelikweli. Na kwa kuwa cheche za plagi hukoroma redioni, distributa na nyaya zake zote zinafunikwa chuma.

Huku kuna watu wengi wa mchezo huu. Gari likishapita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara na halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka, kwa hiyo vibabu vinatoa mikweche vibandani kila Jumapili. Andika namba ya chasisi uitume makumbusho ya magari ya Gaydon, wanatoa cheti kutoka kwenye vitabu vya kiwanda: lilitoka lini na lilipelekwa kwa nani.

Chuma Chakavu
Marahaba wote mnaostahili, na Mzee Kombati shikamoo. Betri mbili, ndiyo. Nyaya zimevikwa chuma, ndiyo. Swichi ya kuzungusha, ndiyo! Nilikaa kwenye kiti kisicho na sponji naizungusha kama mtoto.

Hesabu Kwanza, IST ninayo. Ndiyo inayonipeleka kutafuta spea za hii.

Sasa niwaambie nilipokosea. Nilianza na rangi. Bodi ilikuwa nzuri, haina kutu, nikampa fundi anyooshe mabonde na apige kijani kilichoiva. Ikang'aa, majirani wakaja kupiga selfi. Wiki ya tatu naweka jeki chini ya mkono wa pembeni wa chasisi, nasikia *kwashh*, jeki imezama ndani ya chuma kama kidole kwenye papai bivu. Mtu fulani zamani alijaza matundu kwa gunia na puti, akapaka lami juu.

Na hapo ndipo gari hizi zinapodanganya watu. Zilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, wakatengeneza bodi kwa aina ya aluminiamu iitwayo Birmabright. Aluminiamu haishiki kutu, kwa hiyo unaona bodi safi unadhani gari zima ni zima. Kumbe chasisi ni chuma, sanduku la mabati manne yaliyochomelewa pembeni, na maji yakiingia ndani hayana pa kutokea. Linaoza kutoka ndani kuja nje. Siku unayoona tundu, ugonjwa una miaka kumi. Hii yangu ilikuwa ya Tanga, na hewa ya bahari mnaijua. Pale aluminiamu inapogusana na chuma nilikuta unga mweupe, unaupuliza unaondoka na kipande cha bodi.

FundiBati
Nyundo ndogo, mkuu. Gonga chasisi mwanzo mpaka mwisho, taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boga. Weka alama ya chaki kila kinaponyamaza. Usikimbilie kuchomelea juu ya kilichooza, moto wa weldi utakila wote. Kata mpaka ukute chuma kinachong'aa.

Na kabla hujakata memba yoyote, chukua kamba upime mshazari, kona ya mbele kulia mpaka nyuma kushoto, halafu upande wa pili. Andika. Ukimaliza kuchomelea pima tena. Zikitofautiana, gari litatembea kama kaa.

Chuma Chakavu
Chaki zilijaa mpaka nikaona aibu. Tulivua bodi yote. Sifa moja ya gari hii: bodi inafunguka kwa spana, kipande kwa kipande, watu wanne wanainua boksi la nyuma wakiwa wanapiga stori. Tangi za mafuta zipo chini ya viti, tukazitoa kabisa kabla ya kuwasha weldi, maana mafuta hata yakiisha mvuke unabaki. Memba ya nyuma mpya, mikono miwili mipya, na kipande cha nusu mita upande wa dereva. Nilitumia bati la milimita 3. Kabla ya kufunga nikamimina oili ndani ya sanduku, tukaigeuza huku na huku mpaka ikadondoka kwenye vitundu. Pale bodi inapokalia chuma nikaweka vipande vya mpira wa tyubu. Ile rangi nzuri ya mwanzo? Ilichubuka yote. Hela imekwenda na maji.

Nyuki wa Gerezani (Dar)
Fundi umeme nimeingia. Kuna watu watakwambia badilisha iwe volti 12, usiwasikilize upesi. Hapa Bongo volti 24 ndiyo rahisi, fuso zote na malori yote ni 24. Balbu, honi, mota ya waipa, flasha, unaokota kwenye maduka ya spea ya Gerezani hapa Dar kwa bei ya lori. Shida itakuwa plagi zenye mfuniko wa chuma na zile nyaya zake. Hizo usizitupe, zioshe kwa petroli na uzitunze kama meno. Koili nayo angalia, ukifunga ya volti 12 bila rezista itaungua kabla hujafika Msamvu.

Na tafadhali usichote volti 12 kwenye betri moja ili usikilize bongo fleva. Betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo zinataka kuliwa sawasawa. Moja itachoka, nyingine itajazwa kupita kiasi, zote utazizika.

Chuma Chakavu
Fundi wa hapa alikuwa ameshazitia nyaya zile kwenye ndoo ya skrepa akaniambia "hizi za nini bosi". Nikazifuata ndooni mwenyewe.

Makanika Nax (Nakuru)
Sasa wewe buda, story iko sawa, lakini niulize swali ya ukweli. Hiyo injini ya petroli inakunywa aje? Huku watu wengi wakipata Landi ya mzee wanatoa injini wanaweka dizeli ya Toyota, wanaenda shamba na maisha inaendelea. Engine ya zamani hivyo utatoa wapi sipea?

Binti Springi (Arusha)
Makanika Nax, nakuheshimu lakini hapana. Mimi naendesha Land Rover za kazi, za kubeba watalii, na hizo badilisha utakavyo, za kuingizia hela. Hii ina nyaya zake za redio, ina difu nyeupe, ukiiweka injini ya Hiace umebakiza boksi lenye sura ya jeshi. Halafu spea za injini ile zipo. Lita 2.25 ilifungwa kwenye Land Rover kuanzia 1958 mpaka miaka ya themanini. Hapa Arusha kuna mafundi wanaifumua huku wanakunywa chai. Mwaka 2024 tulipokusanyika hapa na Land Rover zetu, kuna mikweche ilitoka mikoani kwa injini yake ya kuzaliwa na ikarudi.

Makanika Nax
Dada Binti, umenichapa. Lakini petroli nani analipa?

Chuma Chakavu
Nalipa mimi, na nalia mimi. Kilomita tano mpaka sita kwa lita, kwenye mwinuko usiulize. Nimebakisha injini yake. Binti Springi kasema yote, mimi naongeza kwamba ilikuwa nzima! Tulitoa plagi, tukamimina oili kidogo kila silinda, tukaiacha siku nne, halafu tukaizungusha kwa hendeli ya mbele. Siku ya nne ikageuka kama mlango wenye bawaba kavu, ikatoa pumzi ya vumbi na vipande vya kiota.

Kuwaka ikawaka, ila moshi mweusi na inanguruma ikiwa imesimama. Tulihangaika na jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta) wiki nzima. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana wa kabureta ya Zenith: vipande viwili vinavyofungwa pamoja vinapinda kwa joto, na oringi ndogo ya ndani inakufa, petroli inapita inapotaka. Nilitandika msasa mwembamba juu ya kioo cha dirisha, nikaisugua ile sura ya kabureta kwa kuizungusha mithili ya namba nane, mpaka alama ya kalamu niliyochora ikafutika sawasawa kote. Oringi mpya ya mia tano. Wiki nzima tunatukana jeti, dawa ni mia tano.

Mswahili wa Kent
Umeshafungua rilei ya usukani, kile kiungo kinachopeleka mzunguko wa usukani magurudumuni? Ile iliyochomekwa wima ndani ya memba ya mbele? Kama bado USIIFUNGUE bila kuifunga. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu.

Chuma Chakavu
Ujumbe wako umechelewa siku mbili, ndugu yangu. Kwanza kuitoa tu kwenye chasisi kulituchukua siku nzima, kutu imeishikilia, tukapasha moto, tukapiga nyundo ya kilo tano. Ilipotoka, fundi kijana akaibana kwenye vaisi akaanza kuifumua kama anamenya muwa. Ikalia *PAA!* Springi ikapita kando ya sikio lake, ikatoboa bati la ukuta, tukaikuta kwa mama ntilie wa jirani karibu na sufuria ya maharage. Yule mama alitusemesha hadi magharibi. Kijana alikaa kimya saa nzima. Waliobaki: izungushieni vitambaa, fungeni na mipira ya hosi, na mkae pembeni yake, si mbele yake.

Mzee Kombati
Mungu amemwepusha. Gia umeshazizoea?

Chuma Chakavu
Mzee, gia ndiyo shule. Namba tatu na nne zinaingia vizuri. Ya kwanza na ya pili hazina kile kisawazishi cha gari za leo, kwa hiyo kurudi namba mbili unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unapiga moto kidogo, unakanyaga tena, ndiyo unaingiza. Ukikosea inasaga mpaka watu wa stendi wanageuka. Mke wangu kaendesha siku moja akasema hii gari inataka miguu mitatu.

Mzee Kombati
Baba yangu alijifunzia hivyo hivyo. Alikuwa dereva na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakapelekwa Burma kwenye ile vita ya Mjapani. Aliporudi alikuwa na vitu viwili: medali na hiyo klachi ya mara mbili. Medali haikumpa ugali. Klachi ndiyo iliyompeleka Kongwa.

Nyie vijana mnaifahamu habari ya karanga? Mwaka 1947 Waingereza walitaka kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, mamilioni ya ekari, wapate mafuta ya kula kwao. Matrekta hayakutosha, wakaokota mabaki ya vita. Mabuldoza waliyanunua mitumba ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Na vifaru vya Sherman, vifaru hasa, kiwanda cha Vickers kilivivua mizinga na mnara wake kikavigeuza matrekta, vikaitwa Shervick. Baba alikuwa anatuhadithia kifaru kinavuta jembe. Tulidhani anatutania, nimekuja kuthibitisha ukubwani. Ardhi ya Kongwa kiangazi inakuwa kama sakafu ya saruji, na mibuyu haikutaka kung'oka. Kufikia 1951 mradi umekufa, paundi milioni 36 zimeyeyuka. Karanga zenyewe hata za kukaanga harusini hazikutosha.

Hesabu Kwanza
Kumbe kuna aliyepoteza hela kwenye chuma chakavu kuliko mleta uzi. Nimefarijika.

Chuma Chakavu
😂😂 Hesabu Kwanza nakuombea mkweche wako wa kwanza.

Mzee, nimeshaamua. Safari yake ya kwanza ndefu itakuwa Kongwa.

FundiBati
Rangi umechagua ipi mara hii?

Mzee Kombati
Kijani kilekile kilichoiva, chenye kung'aa. Gari za Waingereza za miaka hiyo ndivyo zilivyotoka. Mabakamabaka usiweke, wala namba za kikosi za kujitungia. Utasimamishwa kila kizuizi, na atakayekusimamisha hatataka hadithi.

Chuma Chakavu
Kijani kinachong'aa, sina bendera wala namba. Difu nimeipaka nyeupe upya, hiyo siachi.

Halafu cheti cha Gaydon kimefika kwa barua pepe. Ilitoka kiwanda cha Solihull 1970, ikapokelewa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Sasa kutoka pale ilifikaje shamba la mkonge Tanga?

Makanika Nax
Hapo labda sisi ndio tulikuletea. Wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakifanya mazoezi huku Nanyuki miaka mingi. Huenda ilikuja nao, ikauzwa, ikapita mpaka. Ni kubahatisha tu lakini.

Chuma Chakavu
Wakuu, tumeenda na tumerudi. Mimi, mdogo wangu na yule kijana wa springi (alikataa kuachwa).

Tumetoka Moro saa kumi na moja alfajiri. Mwendo wa sitini, sabini ukishuka. Mabasi yanatupita yanatupigia honi, sijui ya heshima au ya kero. Dumila chai na chapati. Kabla ya Gairo, kwenye ile miinuko, ikakata. Petroli ilikuwa inachemka kwenye pampu. Hapo utamu wa gari ya zamani: pampu ina kikono cha kupampu kwa kidole. Tukaivika kitambaa chenye maji, tukapampu, dakika kumi ikawaka. Baada ya hapo nikawa nasimama kila saa moja kumwagia kitambaa maji kama mtu mwenye homa.

Kibaigwa mafuta. Mbande tukakata kushoto kuingia Kongwa. Kilomita chache kabla ya kufika nikasikia *tak!* na gari ikakosa nguvu, injini inanguruma magurudumu hayaendi. Shafti ya ekseli ya nyuma imekatika. Kijana akanyamaza tena kama siku ile. Nikamwambia fungua boliti sita za kitovu cha gurudumu. Gurudumu linabaki mahali pake, halishikwi na shafti. Tukachomoa kipande kirefu, kile kifupi cha ndani tukakivuta kwa waya uliopindwa kama ndoano. Nikasukuma chini kile kikono chenye kichwa cha njano, tairi za mbele zikaingia kazini, na tukaingia Kongwa gari ikijivuta kwa miguu ya mbele.

Mzee Kombati, tumekuta mibuyu. Chini ya mmoja kuna babu anauza karanga kwenye beseni. Nimenunua mafungu matano.

Mzee Kombati
Za Kongwa?

Chuma Chakavu
Nilimuuliza. Kasema zimetoka Tabora.

Binti Springi
Shafti usinunue ya kichina, nitumie ujumbe wa faragha. Nina mbili za kutolewa kwenye 109 iliyokufa, sura ya meno yake ni safi.

Chuma Chakavu
Nimeshakutumia, dada. Na mwenye balbu ya kile kitaa cha difu, volti 24, ndogo ya kuchomeka, anijulishe. Imeungua njiani wakati wa kurudi, na mdogo wangu alikuwa nyuma na IST.